Kushushwa Cheo Baada ya Likizo ya Uzazi: Niliyojifunza Kuhusu Sheria Inayokataza Ubaguzi Kazini

Katika miaka niliyofanya kazi, kwanza nikiwa karani wa ghala, kisha msimamizi wa zamu, na baadaye mwakilishi wa wafanyakazi katika tawi letu la chama, sijapata kuona barua inayosema kwamba fulani amenyimwa nafasi kwa kuwa ni mjamzito, ana ulemavu au ametoka mkoa fulani. Barua nilizoziona zilitumia maneno ya heshima: mabadiliko ya muundo, mahitaji ya kazi, matokeo ya tathmini, mkataba kufikia ukomo. Mtu anaweza kubaguliwa kwa muda mrefu bila neno lenyewe kuandikwa popote, na kwa sababu hiyo wenzangu wengi huamini kwamba hawana kesi. Nimeandika maelezo haya kwa ajili yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yaani Sura ya 366 ya sheria za Tanzania, ilitungwa ikijua kwamba mwajiri hatakiri, na imeweka njia ya kumlazimisha ajieleze. Njia hiyo ina masharti yake, na masharti hayo nimeyajua kwa kuyapitia.

Nilikuwa msimamizi wa zamu katika ghala la kampuni moja binafsi nilipopata ujauzito wa mtoto wangu wa pili. Nilifuata utaratibu wote: nilitoa taarifa ya maandishi miezi 3 kabla ya tarehe niliyotarajia kujifungua, nikaambatisha cheti cha daktari, na nikakabidhi kazi kwa kijana mmoja niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na sheria inasema wazi kwamba mama anaporejea ana haki ya kuendelea na kazi kwa masharti yaleyale aliyokuwa nayo. Niliporejea nilikuta meza yangu imehamishiwa chumba cha kumbukumbu. Kijana yule alikuwa amethibitishwa kuwa msimamizi wa zamu, nami nikaambiwa kwamba nitakuwa karani wa kutunza nyaraka za mizigo. Mshahara wa msingi haukuguswa, ila posho ya madaraka iliondolewa, na pamoja nayo likaondoka jina langu katika orodha ya waliokuwa wakiandaliwa kupanda cheo.

Meneja aliyenipa habari hizo alikuwa mtu mzima mwenye umri wa baba yangu, na alizungumza nami kwa upole wa kweli. Aliniambia, "Mama, tumekuonea huruma. Una mtoto mchanga, zamu ni nzito. Pumzika kwanza, lea mtoto, mambo mengine yatakuja." Sikuwa na shaka kwamba alimaanisha alichosema, na ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo, kwa sababu mtu aliyekutukana unajua namna ya kumshtaki, lakini mtu aliyekuonea huruma unajikuta unamshukuru huku amekunyang'anya kazi. Majirani wa ofisi nao waliniona sina shukrani. Ilinichukua muda kuielewa hoja moja ambayo leo huwaeleza wenzangu kabla ya hoja nyingine yoyote: kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, na miongoni mwa misingi hiyo, pamoja na rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ulemavu, umri, VVU na UKIMWI, hali ya ndoa na hali ya maisha, imo mimba na yamo majukumu ya kifamilia. Yale maneno ya meneja, kwamba nina mtoto mchanga, yalikuwa ndiyo sababu aliyoitaja kwa kinywa chake, na sababu hiyo imekatazwa.

Kifungu hichohicho kinaeleza pia mambo ambayo hayahesabiwi kuwa ubaguzi, na orodha yake ni fupi. Mwajiri anaweza kuchukua hatua za makusudi za kuinua kundi lililoachwa nyuma ili kuleta usawa. Anaweza kumchagua au kumwacha mtu kwa sababu ya sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Na anaweza kutanguliza raia kwa mujibu wa sheria inayosimamia huduma za ajira. Huruma haimo katika orodha hiyo. Mwajiri aliyeona kwamba mama anayenyonyesha amechoka anayo njia nyingine aliyopewa na sheria, nayo ni kumruhusu anyonyeshe ndani ya saa za kazi hadi saa 2 kwa siku, na kutomweka katika kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Na pale kazi ilipo ya hatari, ampatie nyingine inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyopungua yale ya awali. Katika ghala letu hakuna aliyenipa hata dakika moja ya kunyonyesha, na wala sikuwa nimeomba kupunguziwa lolote.

Katibu wa tawi letu wakati huo alikuwa mzee aliyekwisha kupeleka malalamiko mengi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo sote tunaiita CMA. Nilimwendea nikilia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Binti yangu, uchungu wako mimi naujua, lakini msuluhishi hataujua mpaka umpe tarehe na karatasi." Akanifungulia sheria na kunionyesha sehemu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitajwa katika semina yoyote ya wafanyakazi. Inasema kwamba mfanyakazi akishaonyesha kwa ushahidi wa awali kwamba amebaguliwa kwa msingi mmojawapo uliotajwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba jambo hilo halikutokea, au kwamba lilitokea kwa sababu nyingine isiyohusiana na msingi huo. Na kama anajitetea kwamba sifa fulani ilikuwa ya lazima kwa kazi, ni yeye atakayeithibitisha.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ulinzi tulio nao inasimama juu ya kanuni hii. Mimi sikuhitaji kuingia katika moyo wa meneja na kutoa humo nia yake, jambo ambalo hakuna mwanadamu anayeliweza. Nilihitaji kuweka mezani mambo ya kutosha kumfanya mtu mwadilifu aulize, "Kwa nini huyu ametendewa hivi, na wenzake hawakutendewa?" Swali hilo likishasimama, mwenye kulijibu ni mwajiri, na anapaswa kulijibu kwa ushahidi. Kwa upande mwingine, ushahidi wa awali ni kitu halisi. Mfanyakazi anayefika akisema tu kwamba ameonewa, bila kuonyesha ni msingi upi, tendo lipi, lini, na ni nani aliye katika hali kama yake aliyetendewa tofauti, anabaki na mzigo wote mabegani mwake.

Kwa maelekezo ya mzee yule niliandika barua kwa idara ya rasilimali watu nikiomba nielezwe kwa maandishi sababu ya kubadilishiwa kazi. Niliiandika kwa adabu, bila kumtuhumu mtu, nikataja tarehe ya kuanza likizo, tarehe ya kurejea, cheo nilichokuwa nacho na posho iliyoondolewa. Niliipeleka masjala mwenyewe, nikagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Jibu lilipokuja halikuwa na neno lolote kuhusu mtoto wala huruma. Lilisema kwamba nafasi yangu imeathiriwa na mabadiliko ya muundo. Niliandika tena nikiomba nakala ya muundo mpya, na nilipoonyeshwa nilikuta nafasi ya msimamizi wa zamu ipo palepale, yenye majukumu yaleyale, ngazi ileile ya mshahara na posho ileile. Kilichobadilika ni jina la mtu. Karatasi hiyo moja, iliyotoka mikononi mwao wenyewe, ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyaandika usiku kwa machozi.

Kisha tulitafuta mtu wa kulinganishwa naye. Msimamizi mwenzangu wa zamu nyingine, mwanamume, alikuwa ameugua na kukaa nje ya kazi kwa muda mrefu kuliko likizo yangu, na katika kipindi hicho nafasi yake ilishikiliwa na mtu aliyetajwa katika barua kuwa kaimu. Aliporejea alirejeshewa nafasi yake siku hiyohiyo. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja, naye akakubali bila kusita, ingawa alijua kwamba jambo hilo lingeweza kumletea maneno. Nitamshukuru daima. Wafanyakazi tunapaswa kufahamu kwamba mara nyingi ushahidi wa ubaguzi anao mwenzetu aliyetendewa vizuri, na kwamba kukubali kwake kusema ukweli hakumpunguzii kitu katika haki yake.

Sasa nizungumzie muda, kwa maana nimeona malalamiko mengi mazuri yakifia hapo. Kwa mujibu wa kanuni za Tume za mwaka 2007, mgogoro unaohusu kuachishwa kazi unapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwamo wa kushushwa cheo kwa ubaguzi kama wangu, ndani ya siku 60 tangu jambo lenyewe lilipotokea. Siku hizo hazisimami kwa sababu unaendelea kuandikiana barua na ofisi. Nimewaona wenzangu wakiambiwa kila wiki kwamba suala lao linashughulikiwa, wakiitwa kwenye vikao vya chai na maneno matamu, na siku wanapozinduka muda umekwisha. Anayechelewa anaweza kuomba Tume imwongezee muda, lakini lazima aeleze amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, na kama kweli ana hoja ya msingi, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Ushauri wangu kwa kila anayenijia ni kuendelea na mazungumzo ya ndani huku akiwa na tarehe ya mwisho ameiandika mahali anapoiona kila siku, na kama hakuna kilichotatuliwa, ajaze fomu ya kuwasilisha mgogoro bila kusubiri baraka za mtu yeyote. Kuwasilisha mgogoro hakufungi mlango wa mazungumzo.

Fomu yenyewe ni fomu namba 1 ya Tume. Inaomba maelezo ya pande zote mbili, aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea na matokeo unayoyataka. Nakala hupelekwa kwa mwajiri, na lazima uwe na uthibitisho kwamba ameipokea. Sehemu ya matokeo unayoyataka inastahili kufikiriwa sana. Wengi huandika "nataka haki" na kuishia hapo, na msuluhishi hana namna ya kutekeleza neno hilo. Niliandika kwamba nataka kurejeshwa katika cheo changu, kulipwa malimbikizo ya posho ya madaraka tangu siku niliyorejea kazini, na jina langu kurudishwa katika orodha ya mafunzo ya uongozi. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Hatua ya kwanza mbele ya Tume ni usuluhishi, ambao kwa kawaida hupewa siku 30. Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, wakili, au mtu mwingine aliyemchagua. Watu huogopa chumba kile wakidhani ni mahakama, nami nilikiogopa, lakini msuluhishi hatoi hukumu, na yanayosemwa humo kwa nia ya kupatana hayapelekwi kuwa ushahidi katika hatua inayofuata. Usipofika wewe mlalamikaji, lalamiko lako linaweza kufutwa. Asipofika mwajiri, uamuzi unaweza kutolewa bila yeye. Msuluhishi wetu alisoma barua zile mbili, akaweka muundo mpya wa kampuni katikati ya meza, na kumwuliza mwakilishi wa mwajiri aonyeshe mahali ambapo nafasi yangu imefutwa. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Baada ya hapo mazungumzo yalihusu namna ya kurekebisha jambo, na hakuna aliyerudi kwenye habari ya mabadiliko ya muundo.

Tulimaliza kwa makubaliano. Nilirejeshwa, nikalipwa malimbikizo, na kijana aliyeshika nafasi yangu akapewa zamu nyingine, jambo lililonifurahisha kwa sababu yeye hakunikosea. Nilisisitiza kwamba kila kipengele kiandikwe pamoja na tarehe ya utekelezaji, kwa kuwa makubaliano yanayosema "mwajiri atalishughulikia suala la posho" yanamrudisha mtu kule alikotoka. Kama usuluhishi ungeshindikana, sheria inaruhusu mgogoro kwenda mbele ya mwamuzi wa Tume, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake juu ya mgogoro, au kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kutegemea aina ya shauri. Tuzo nayo inaweza kupingwa katika Mahakama hiyo ndani ya wiki 6.

Kama mwajiri angekataa kabisa kunipokea, hali ingekuwa tofauti, na hilo nililijua baadaye nikimsaidia dada mmoja wa kampuni ya jirani. Alirejea kutoka likizo ya uzazi akakuta walinzi wa lango wana maelekezo ya kutomruhusu kuingia. Hakupewa barua yoyote, na kwa kuwa hakupewa barua aliamini kwamba hajaachishwa kazi. Sheria inahesabu kitendo cha kumzuia mama kuendelea na kazi baada ya likizo ya uzazi kuwa ni kuachishwa kazi, na kifungu cha 37 kinataja sababu zinazohusu mimba, sababu zinazohusu ulemavu, na sababu yoyote iliyo ya kibaguzi kuwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kwake hesabu ya siku ilianza pale langoni, na ilikuwa ni siku 30, si 60. Tulimwandikia shahidi wa siku ile, mama aliyeuza vocha nje ya lango, maelezo yenye tarehe, kabla kumbukumbu hazijafifia.

Nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wa tawi nilianza kuona sura nyingine za jambo hili, ambazo zilinifundisha kwamba uzoefu wangu mwenyewe ulikuwa wa aina iliyo rahisi kuonyesha. Sheria inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na huu wa pili ndio unaohitaji macho makali. Mwenzetu mmoja mwenye ulemavu wa mguu aliomba nafasi ya udhibiti wa akiba ambayo kwa uzoefu na elimu aliistahili kuliko waombaji wote. Tangazo lilikuwa na sharti la leseni ya udereva. Hakuna neno lililomtaja mtu mwenye ulemavu, na sharti liliwahusu wote kwa usawa. Tuliuliza swali moja tu: mtu aliye katika nafasi hiyo sasa anaendesha gari lini? Ikabainika kwamba haendeshi, na hajawahi kuendesha, kwa sababu kampuni ina madereva wake. Sharti ambalo kazi haihitaji, na ambalo linawatupa nje watu wa kundi fulani kuliko wengine, haliwezi kutetewa kuwa sifa ya lazima ya kazi. Liliondolewa, na mwenzetu akaingia katika usaili kama wengine. Tangu hapo ninaposoma tangazo lolote la nafasi ya ndani huwa najiuliza kila sifa iliyotajwa inatumika saa ngapi katika siku ya kazi. Kwa watu wenye ulemavu ipo pia Sheria ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na nasikitika kusema kwamba sijaingia katika kikao ambacho mwajiri aliitaja bila kuulizwa.

Lilikuwapo pia suala la mwenzetu aliyehamishwa kutoka jikoni la kampuni baada ya uvumi kuhusu hali yake ya kiafya kusambaa. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu VVU na UKIMWI inalinda usiri wa majibu ya mtu na kukataza kumpima mtu kwa lazima nje ya mazingira machache iliyoyataja, na ile ya mwaka 2004 inataja VVU na UKIMWI miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Kwa hiyo haki yake ilikuwa wazi. Ugumu ulikuwa kwamba kuidai rasmi kungemlazimu ataje kwenye fomu jambo ambalo hakutaka liandikwe popote. Nilijifunza kwake kwamba uamuzi wa kudai, na namna ya kudai, ni wa mwenye haki peke yake, na kwamba kiongozi wa chama hana mamlaka ya kumgeuza mtu kuwa mfano kwa faida ya wengine. Alichagua tuongee na mkuu wa idara faragha, tukiuliza tu ni sababu gani ya kikazi iliyomfanya ahamishwe. Hawakuipata, na alirudishwa. Katika daftari la tawi suala hilo limeandikwa kwa maneno machache sana, na litabaki hivyo.

Wapo wanaodhani kwamba ulinzi huu unaanza mtu anapothibitishwa kazini. Kwa sheria hii neno mfanyakazi, katika habari ya ubaguzi, linamjumuisha mwombaji wa kazi, na neno mwajiri linamjumuisha wakala wa ajira. Matangazo, vigezo vya kuchagua, usaili, upangaji wa mishahara, mafunzo, tathmini, uhamisho, adhabu na kuachishwa kazi, vyote vimo. Binti anayeulizwa katika usaili kama anatarajia kuzaa karibuni, au kama mume wake ataruhusu afanye kazi usiku, tayari anatendewa jambo linalogusa kifungu cha 7. Kuhusu zamu za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, sheria imeshaweka mpaka wake kwa mjamzito, miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua au mapema zaidi daktari akithibitisha, na kwa mama katika miezi 2 baada ya kujifungua. Mwajiri hana haja ya kubuni katazo lake mwenyewe kwa wanawake wote. Vilevile unyanyasaji wa mfanyakazi umehesabiwa kuwa aina ya ubaguzi, na hili ni muhimu kwa wale ambao hawajashushwa cheo wala kupunguziwa mshahara, lakini wanasemwa kila asubuhi kwa kabila lao mpaka wanaichukia kazi.

Ulinzi unaovuja kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa wale walio katika mikataba mifupi. Masharti kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi aliyekaa kwa mwajiri chini ya miezi 6, na waajiri wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini kifungu cha 7 hakina sharti la miezi 6, kwa hiyo anayebaguliwa katika mwezi wake wa pili bado ana lalamiko, hata kama si lalamiko la kuachishwa kazi. Na kwa wenye mikataba ya muda maalumu, kutoongezewa mkataba kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi endapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa. Matarajio hayo hujengwa na mambo yanayoonekana: mikataba iliyokwisha kuongezwa huko nyuma, barua ya kumpangia mafunzo ya mwaka ujao, ratiba ya zamu inayovuka tarehe ya ukomo, kauli ya msimamizi mbele ya watu. Nilipoona wanawake watatu wa idara moja wameongezewa mikataba kila mara, na yule wa nne akaachwa mwezi uleule tumbo lilipoanza kuonekana, sikuhitaji kusikia meneja amesema nini. Tulikusanya mikataba yote minne na kuipanga kwa tarehe.

Kazi hii ya kukusanya karatasi baada ya jambo kutokea inachosha, na haimfikii kila anayehitaji. Kwa sababu hiyo tawi letu liliamua kulipeleka suala hili katika mkataba wa hali bora, ambao tunaujadili na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote. Tulipendekeza kwamba vigezo vya kila nafasi ya kupanda cheo vibandikwe hadharani kabla ya maombi kuanza kupokelewa. Kwamba anayeshika nafasi ya mtu aliye likizo ya uzazi aandikiwe barua ya kukaimu yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Na kwamba mwombaji wa ndani aliyekosa nafasi apewe sababu kwa maandishi akiziomba. Mawili ya kwanza yamekubaliwa na yanatumika hata sasa, na tangu barua za kukaimu zianze kutolewa hakuna mama aliyerejea katika ghala letu akakuta meza yake imehama. Pendekezo la kutoa sababu kwa maandishi mwajiri amelikataa kwa maelezo kwamba litaongeza kazi za ofisi. Tumeomba lirudishwe mezani katika majadiliano yajayo, na tumeanza kukusanya maoni ya wafanyakazi wa kila idara, wakiwamo walioletwa na mawakala wa ajira, ambao mpaka leo hawamo katika mkataba huo.